Kufuli la Nyumba ya Kuta Tatu

Mpaka leo mimi hubishana na redio. Mtangazaji akimaliza habari na kuingia kwenye utabiri wa hali ya anga, hunikuta nimeshaacha kazi niliyoishika na kumgeukia, mikono kiunoni. Akisema manyunyu yatarajiwe alasiri, namuuliza, wapi? Akisema joto litazidi na hewa itakuwa na unyevunyevu, namwambia asante sana, sisi tulidhani ni homa. Wanangu hunicheka. Wanadhani ni uzee. Si uzee. Mwaka ule wa mvua ya Elnino sauti kama hiyo ilisoma hatima ya chumba chetu kana kwamba inasoma matokeo ya mpira, na mimi sijaisamehe.

Chumba chenyewe kilikuwa Soweto West, Kibera, cha mwisho katika safu ya vyumba vya udongo. Kuwa wa mwisho maana yake ukuta mmoja haukuwa na jirani. Ulitazamana na njia ya watu na mtaro wa maji machafu, na mvua yoyote iliyokosa pa kupiga ilipiga hapo. Nilikuwa nikiishi humo na mama yangu. Yeye alikuwa ametoka kwetu, Western, baada ya baba kufariki na ndugu za baba kukumbuka ghafla kwamba nyumba na shamba ni vya ukoo. Hawakumfukuza. Walimwacha tu akae, huku wakigawana jiko leo na zizi kesho, hadi siku moja alipoamka akakuta amebaki kama mgeni. Akapanda basi akaja kwangu na mfuko mmoja na mwiko wake wa ugali.

Nilipomkabidhi ufunguo wa chumba, aliugeuza mkononi kwa muda mrefu. Ndipo nilipojua kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na ufunguo. Kwa baba yake mlango ulifungwa na baba. Kwa mumewe ulifungwa na mume, na mume alipokufa ukafungwa na shemeji. Kufuli letu lilikuwa dogo la bei rahisi, lilikuja na funguo mbili, na ufunguo wangu ulitumbukia mtaroni kabla sijauzoea. Nadhani Mama alifurahi. Ule wake aliufunga kwa uzi mweusi akauvaa shingoni, na tangu hapo mimi, mwenye kulipia chumba, nikawa mtu wa kungoja kufunguliwa.

Mwenye ploti alikuwa mama wa Kikuyu aliyeishi Kawangware, sehemu ya Fotisiksi, katika kiwanja ambacho ukoo wa mumewe ulikuwa nacho tangu zamani. Alikuwa na nyumba ya mawe, safu za vyumba vya kupangisha, na ng'ombe watatu waliofungiwa nyuma ya choo. Mimi nilikuwa nikimfulia nguo, na chumba cha Soweto nilikipata kupitia karai hilo la kufulia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ya safu yake ilikuwa moja, kila mpangaji aliambiwa siku ya kuingia. Mabati ya juu ni ya mwenye ploti, udongo wa ukuta ni wa mpangaji. Ukiutunza ukuta, kaa hata uzeekee humo. Ukuta ukianguka, chumba kinarudi kwa mwenyewe.

Sheria hiyo haikuwahi kutusumbua mpaka mvua ilipoanza mwezi wa kumi, ikasahau kwisha. Krismasi tuliila ndani, tukisikiliza mtaro ukinguruma. Barabara za kwenda nyumbani zilikuwa zimekatika, lakini sisi hatukuwa na nyumbani pa kwenda, kwa hivyo hilo halikutuuma. Kilichotuuma ni kwamba ukuta wa njiani ulikuwa umebanduka udongo kama mtu mwenye mba, hata fito zikaanza kuonekana. Keateka, msimamizi wa ploti, mwanamume mrefu aliyevaa gambuti za mpira mvua na jua, alipita akaugonga kwa kidole. Akatikisa kichwa. Tulijua anatikisia nini. Mwenye ploti alikuwa ameshaagiza mabati ya kujengea kuta mpya, na alikuwa anangoja tu vyumba vimrudie kimoja kimoja.

Mwaka mpya ulipoingia jua likatoka. Jua kweli, la kuchoma shingo. Mama akasimama nje, akalitazama, akasema, "Mwezi wa kwanza huu. Tunakandika."

Kwetu hakuna kitu cha kujadili hapo. Mwezi wa kwanza mahindi yako ghalani, ardhi imepasuka kwa ukavu, na wanawake wanatoka kukandika nyumba. Ukikandika mwezi mwingine watu wanadhani una msiba. Lakini jioni hiyo redio ya jirani yetu, mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, na tuliyepakana naye ukuta, ikasema maneno yake. Kiangazi cha mwaka huu hakitakuwa cha kawaida, ikasema. Joto litakuwa kali, ila manyunyu na mvua za hapa na pale zitaendelea alasiri, na hewa itajaa unyevu. Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari.

"Huyo anakaa wapi?" Mama akauliza.

"Town."

"Basi aseme ya town. Mungu hajabadilisha miezi."

Nami nikamuunga mkono. Nilikuwa nimechoka kuambiwa nichukue tahadhari na watu ambao nyumba zao ni za mawe. Tahadhari naichukua wapi, na naibeba kwa nini?

Kukandika vizuri kunataka mavi ya ng'ombe, na Kibera ng'ombe humwona buchari tu, ameshachinjwa. Siku iliyofuata, nikiwa Kawangware, nilimwomba mwenye ploti mavi ya ng'ombe wake. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akacheka.

"Chukua! Ni nani ashawahi kunyimwa mavi?"

Hakuuliza ya nini. Nami sikusema. Nikajaza gunia, nikalibeba kichwani kutoka Fotisiksi, nikavuka Ngong Road watu wakinipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tena, nikateremka hadi Soweto. Nilirudia safari hiyo mpaka yakatosha.

Wanawake wa safu walikuja bila kubembelezwa. Muuza omena alikandika kwa kiganja, akiulainisha udongo kama uso wa mtoto. Mama akamwambia kwao Nyanza wanapaka, hawakandiki. Yeye akamjibu kwamba sisi kwetu tunatupia ukuta udongo kama tunaugombeza. Tulicheka mpaka mtu mmoja akateleza akakaa kwenye lundo. Mwishoni Mama alipitisha vidole vyake vinne kwenye udongo mbichi akachora mawimbi kutoka kona hadi kona, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu. Wapita njia walisimama kutazama. Nyumba yetu ilikuwa na sura, na nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilisimama pale nikijivuna na matope yamenifika viwikoni.

Alasiri hiyohiyo ikanyesha. Si mvua ya kutisha, manyunyu tu, kama redio ilivyosema. Asubuhi jua likachoma, alasiri yakaja manyunyu. Ikawa hivyo kila siku. Mchana mabati yalitupika, halafu mvua ikamwagikia mabati yenye moto na mvuke ukashuka juu yetu. Chumvi ikageuka uji. Kiberiti kikakataa kuwaka. Mkate ulionunuliwa asubuhi ulikuwa na ndevu kesho yake. Na ukuta wetu mpya ukakaa vilevile, mbichi, ukiubonyeza kwa kidole unabonyea. Mama akawa anaamka na kuugusa kama unavyogusa paji la uso la mgonjwa.

Halafu ukaota.

Sikuamini nilipouona. Ng'ombe wa Kawangware walikuwa wamekula terere, ule mchicha wa porini, na mbegu zake, mbegu zikapita salama matumboni mwao, zikasafiri kichwani kwangu, na sasa, kwa joto lile na unyevu ule, zilikuwa zimeamka. Ukuta mzima ulikuwa na majani madogo ya kijani, mengi zaidi kwenye mifereji ya vidole vya Mama, yamejipanga kwa mawimbi. Vijana wa njiani walipagawa.

"Niaje, mathe! Shamba imeshika?"

"Mathe ako na shamba ya kusimama! Hiyo ni noma!"

Keateka naye akaja, akasimama na gambuti zake, akauliza, "Sasa mama, hii ni nyumba ama ni shamba?"

"Ni zote mbili," Mama akasema. "Kwako iko ipi?"

Alikuwa amekosea, na alijua amekosea. Kwetu udongo ule ungekauka kabla mbegu haijafikiria kuamka. Lakini hakukaa kulilia kosa lake. Terere ilipofika urefu wa kidole aliichuma, akaikaanga na kitunguu, tukala na ugali. Nimekula vyakula vingi tangu siku hiyo. Sijala tena ukuta wa nyumba yangu, na nawaambia ulikuwa mtamu.

Ukuta ulianguka alasiri moja ya manyunyu, hata upepo haukuwapo. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza jiko, Mama yuko kitandani anachambua maharagwe. Tukasikia mlio kama mtu mnene anavyoshusha pumzi. Fito zilizokuwa zimeoza ndani kwa ndani zikakatika, na ukuta wote ukalala nje, ukaziba nusu ya njia. Mimi nilipiga kelele. Mama hakusimama. Alibaki na ungo mapajani akitazama nje, na nje ikawa inamtazama yeye. Kulikuwa na mwanamume aliyebeba magodoro, alikuwa karibu kufunikwa. Alisimama palepale, mguu mmoja juu ya kifusi kilichofunika mawimbi ya vidole vya Mama.

"Mama, mko sawa?" akauliza.

"Tuko salama. Wewe, hujaumia?"

"Sijaumia."

"Basi pita pole, kuna utelezi."

Akarudi kuchambua maharagwe. Mimi nililia. Nililia kwa sababu nilijua sheria, na nilijua Mama hana tena basi la kupanda. Mimi ningepata pa kujibanza, kijana hapotei Nairobi. Yeye angekwenda wapi? Kwa shemeji zake, akaombe kona ya jiko lililokuwa lake?

Keateka alifika jua halijazama. Akasimama pale ulipokuwa ukuta, akakunja mikono.

"Mama, sheria ya ploti mnaijua. Ukuta ikianguka, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Mwisho wa mwezi mtoe vitu."

"Unaongea na mimi ukisimama wapi?" Mama akamuuliza.

Keateka akatazama miguu yake. "Si hapa."

"Hapo ni ukutani. Wewe ulishaona wapi mtu mzima anaongea na mama ya watu kupitia ukutani? Kama una maneno, zunguka mlango upige hodi."

Na Mungu ni shahidi wangu, alizunguka. Kwa mazoea tu, nadhani, mtu aliyelelewa vizuri akiambiwa kitu kama hicho na mama wa rika la mama yake, miguu hutii kabla kichwa hakijafikiri. Tukamwona akipiga kona. Mlango ukagongwa. "Hodi!" Mama akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akaenda akavuta komeo. "Karibu," akasema. "Haya. Sasa sema."

Akayasema yaleyale, lakini yalikuwa yamepungua uzito njiani.

"Mimi nilikomboa nyumba kwa kodi," Mama akamjibu. "Sikukomboa ukuta. Nyumba iko. Mlango uko, umepita hapo sasa hivi. Na ufunguo huu hapa." Akauvuta kutoka kifuani akamwonyesha.

Asubuhi yake tulipotoka, mimi kwenda kufua na yeye sokoni, alivuta mlango, akapachika kufuli, akafunga, akajaribu kama limeshika.

"Mama, unafunga nini?"

"Nyumba."

"Lakini mtu akitaka kuingia si anaingia tu?"

"Anaingia. Ila nikifunga, atakayeingia ni mwizi. Nisipofunga, atasema alikuta wazi."

Niliona aibu, wacha niseme. Safu nzima ilikuwa inatazama. Watoto walikuwa wamekaa juu ya kifusi wakimwona mwanamke anafunga kwa kufuli nyumba inayoonekana hadi mvunguni mwa kitanda. Halafu nikakasirika kwa kuona aibu. Aibu ya nini? Sisi hatukumwangushia mtu ukuta kwa ubaya. Hatukumnyang'anya mjane jiko lake. Nikamshika Mama mkono tukaondoka pamoja, na nilipofika kwenye kona niligeuka nikawatazama wote waliokuwa wakitutazama, mmoja mmoja, mpaka wakatafuta kazi ya kufanya.

Ndivyo tulivyoishi kiangazi kile. Usiku tulishusha karatasi ya nailoni pale ulipokuwa ukuta, asubuhi Mama aliikunja. Muuza omena alimshauri aiache ishuke hata mchana, kwa ajili ya staha.

"Redio yako imesema joto na unyevu," Mama akamwambia. "Dawa ya unyevu ni hewa."

Tukapika mbele ya watu, tukala mbele ya watu. Vijana wakapita wakisalimia, "Sasa mathe, leo ni nini?" naye akiwajibu, "Ni omena, na huitwi." Mlevi mmoja alijaribu kukata njia kupitia chumbani, akakuta Mama amesimama na mwiko. Aliambiwa azunguke mlangoni kama watu wengine, akazunguka, akapiga hodi, akaambiwa hakuna mtu. Sisemi Kibera hakukuwa na wezi. Walikuwapo wa kutosha. Lakini kwetu haikupotea hata sufuria, na sababu si miujiza. Safu nzima ilikuwa imelichukua kufuli lile kama lao. Ukisogelea kile kifusi, sauti ilitoka mlango wa tatu: "Wewe! Hukuona pamefungwa?"

Keateka alirudi, na akarudi tena. Kila mara alianza kwa kusimama kwenye uwazi, Mama akimtazama miguuni, na kila mara akaishia kuzunguka. Watoto wakaanza kumfuata, wakimwimbia hodi, hodi.

Na mimi, mwezi huo wote, niliendelea kwenda Kawangware kumfulia mwanamke aliyetaka kututoa. Msinishangae. Mtu hula kwa mikono yake. Niliinama kwenye karai nikasugua mashuka yake, naye alipita na chai yake, na hatukutaja ukuta. Nguo hazikukauka. Nilizianika asubuhi, nikazianua mvua ikianza, nikazianika tena, zikanuka uvundo. Siku moja alisimama kando ya kamba, akashika shuka, akaachia.

"Hizi hazikauki."

"Hazikauki, Mama."

"Na huko Soweto?"

"Huko pia hakuna kilichokauka."

Akalirudisha shuka vizuri kambani. Kisha akasema, si kwa ukali, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Tuliziba, Mama," nikamwambia. "Tena kwa mavi ya ng'ombe wako."

Nilisema hivyo huku nikikamua fulana, na nilikamua kwa nguvu kuliko fulana ilivyostahili. Nilingoja anifukuze kazi. Alinitazama, akatazama zizi lake, akatazama gunia tupu nililokuwa nimerudi nalo na kuliacha juu ya ua siku nyingi. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alijua yale mavi yalikwenda wapi.

"Nikiachia nyinyi, itabidi niachie kila mtu," akasema.

"Sawa, Mama."

"Sheria ni sheria."

"Na kufuli ni kufuli," nikasema. Akaingia ndani.

Mwisho wa mwezi ulipofika, keateka aliambiwa aje atoe vitu vyetu. Akakataa. Yalisimuliwa safu nzima, na najua yametiwa chumvi, lakini inasemekana alimwambia tajiri wake, "Nitume kwa wengine wote. Pale mimi sirudi. Kila nikienda najipata nimepiga hodi." Kwa hiyo mwenye ploti akaja mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, alasiri, yeye katoka kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwa muuza omena, ananisuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, kule kwa foleni ndefu, na mlango wake alikuwa ameufunga. Nikamwona mwenye ploti akija njiani, peke yake, kitambaa cheupe kichwani na rinda la bluu. Vyote nilivifua mimi, na nilivipiga pasi ya mkaa. Watoto wakashuka kwenye kifusi. Hata redio mtu aliipunguza.

Akafika kwenye uwazi, akasimama. Kitanda chetu kilikuwa palepale mbele yake kimetandikwa, stuli, jiko, sufuria zimefunikwa. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya mabati. Tone la kwanza likampiga begani, la pili, na mara manyunyu ya redio yakamwagika kwa saa yake. Hatua moja tu ingemtosha. Angeinua mguu, angekuwa ndani, pakavu, chini ya mabati yake mwenyewe, katika chumba ambacho kwa sheria yake kilikuwa kimeshamrudia. Mikono ya muuza omena ilikuwa imekwama kwenye nywele zangu.  Nilijua akiingia pale basi, imekwisha. Kufuli litakuwa chuma tu.

Akatugeukia.

"Mama yako ako wapi?"

"Ameenda maji."

"Utanifungulia?"

Sikuelewa mara moja nilichoulizwa. Nilipoelewa, nikasimama.

"Ufunguo uko naye, Mama," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Akazunguka kona, akaenda akasimama mbele ya mlango. Pale mabati hayakutokeza kiasi cha kumkinga mtu, maji yalimshukia mgongoni, kitambaa cheupe kikamganda kichwani. Muuza omena akamwita, "Mama, njoo hapa kwangu ujikinge!"

"Nimekuja kwa huyu," akasema, akabaki pale.

Mama akatokea na mtungi wa plastiki kichwani. Akamwona. Hakuongeza mwendo. Kwetu mwanamke hakimbii na maji kichwani, na hata angekimbia siku nyingine, siku hiyo asingekimbia. Akafika, akautua mtungi, akamsalimia kwa mkono, akauvuta ufunguo kifuani. Kufuli lilikuwa limeingia kutu kwa ule unyevu, likamgomea. Akalipuliza, akalizungusha tena, na mwenye ploti akangoja, analowa. Likafunguka. Mama akaingia, akaingiza maji yake, akageuka.

"Hodi," mwenye ploti akasema, mlango ukiwa wazi.

"Karibu."

Niliingia nyuma yao na kichwa changu cha nusu. Mama akampa stuli na leso ya kujipangusia, akaweka chai. Wakakaa wawili hao wakitazama mvua ikinyesha pale ulipokuwa ukuta, watu wakipita na kujifanya hawatazami ndani.

"Nasikia ukuta wangu ulizaa terere," mwenye ploti akasema baada ya muda. "Na sikuletewa hata mkono mmoja."

"Ulikuwa wako?" Mama akauliza. "Niliambiwa udongo ni wa mpangaji."

Mwenye ploti akacheka. Hakucheka sana. Akanywa chai yake hadi mwisho.

"Nilitaka kuweka mabati hapa."

"Weka. Mimi nitakuwa ndani."

 Mwenye ploti hakuahidi kitu, na Mama hakuomba kitu. Mvua ilipopungua akasimama, akashukuru kwa chai, akatoka kwa mlango. Mama akaufunga.

Jumatatu asubuhi redio ya muuza omena ilisema joto, unyevunyevu, na manyunyu alasiri. Nikaenda Kawangware kama kawaida. Rinda la bluu na kitambaa cheupe vilikuwa vimelowekwa kwenye karai vinaningoja. Kando ya karai kulikuwa na gunia, lile langu, limejazwa mavi ya ng'ombe hadi mdomoni na kufungwa kwa kamba, na juu yake mkebe wa majivu ya kuchanganyia, ili mbegu zisiote tena. Nikafua. Nikaanika. Kisha nikajitwika gunia nikashika njia ya Soweto, na manyunyu yakanikuta Ngong Road, yakanilowesha mimi na mzigo wangu, na sikujikinga popote.